Chaja ya betri ya gari: nyingi zinazoitwa mbovu ni nzima

Mita inaonyesha sufuri. Chaja imechomekwa ukutani, taa yake inawaka, ncha za mita zimegusa klipu nyekundu na klipu nyeusi, na pale palipotarajiwa volti 12 au 14 hamna kitu. Wengi hukata shauri papo hapo kwamba chaja imeungua. Inawekwa kando, inanunuliwa nyingine, na hiyo mpya nayo ukiipima vilevile inaleta sufuri.

Zote mbili ni nzima. Chaja nyingi za siku hizi hazitoi umeme kwenye klipu mpaka zihisi kuna betri. Zimeundwa hivyo makusudi, klipu zikigusana zisitoe cheche, na mtu akikosea akabana nyekundu kwenye hasi, chaja ikatae badala ya kuungua. Nimeona chaja nzuri zikitupwa kwa kutojua jambo hili moja tu, na huwa inaniuma, kwa sababu chaja iliyotunzwa inaweza kudumu kuliko betri kadhaa ikiwa bado inafanya kazi. Ndiyo maana nataka tulifungue suala hili polepole: lini kosa ni la chaja, lini ni la betri au waya, na namna gani chaja huharibika ikiwa imekaa kimya stoo bila kutumika.

Aina mbili zenye tabia tofauti

Chaja ya zamani utaijua ukiinyanyua. Ni nzito, kwa sababu ndani yake mna transfoma, yaani chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Transfoma hushusha umeme wa ukutani hadi volti kumi na kitu, daiodi huugeuza uende upande mmoja tu, kisha unatoka hadi kwenye klipu. Usoni ina mshale wa ampea, yaani wa wingi wa umeme unaopita, na ndani ina swichi ya joto inayokata umeme ikizidiwa. Basi. Hii hutoa umeme iwe imebanwa kwenye betri au la, kwa hiyo ukiunganisha balbu ya gari ya volti 12 kwenye klipu zake, balbu itawaka. Ubaya wake ni kwamba haijui kushiba. Ukiisahau usiku kucha na mchana kutwa itaendelea kusukuma umeme hata betri ikijaa, na maji ya betri yatatokota na kupungua.

Chaja ya kisasa ni nyepesi na hupima kwanza. Ikikubali betri, husukuma ampea zake zote hadi volti zifike 14.4 au zaidi kidogo, kutegemea aina ya betri. Hapo hushikilia volti hizo huku ampea zikipungua zenyewe, na mwisho hushuka hadi takriban volti 13.5 kwa ajili ya kuitunza betri tu. Lakini ikikuta volti za betri ziko chini mno, haianzi kabisa. Kila chaja ina kiwango chake: kuna inayokubali kuanzia volti 2, kuna inayotaka 5, nyingine 8, na kiwango hicho kimeandikwa kwenye kijitabu chake. Ndiyo sababu kile kijitabu ambacho watu hutupa pamoja na boksi nakiona kuwa sehemu ya chaja yenyewe.

Sasa fikiria gari lililoachwa taa zikiwaka siku tatu. Betri imeshuka hadi volti moja na nusu. Unabana klipu, unachomeka, na chaja haionyeshi dalili yoyote ya kuanza. Kwa chaja hiyo, betri haipo. Baadhi zina kitufe cha kulazimisha, ambacho ukikibonyeza muda fulani chaja huanza bila kupima. Kitumie, lakini ujue kwamba ulinzi wake huwa umezimwa wakati huo, hivyo hakikisha mara mbili kwamba nyekundu iko kwenye chanya, na usiondoke.

Kama chaja haina kitufe hicho, iazimie volti. Chukua betri nyingine nzima ya volti 12, iunganishe na ile iliyokufa kwa nyaya za kuamshia gari, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kisha bana chaja na uichomeke. Chaja itaona volti za zote mbili na kuanza. Baada ya kama nusu saa zima chaja ukutani, toa nyaya za betri ya kuazima, halafu washa chaja tena. Kwa kawaida betri iliyolala huwa imepanda vya kutosha kukubaliwa peke yake. Nyaya zikipata joto ukizishika, au betri ikianza kufuka au kutoa sauti ya kuchemka, acha. Hiyo ina hitilafu ndani. Na betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyoganda kwa baridi isiguswe na chaja yoyote. Kuganda si jambo la ajabu: maji ya betri iliyoisha chaji huganda kwenye baridi ambayo betri iliyojaa ingeivumilia bila shida.

Betri inayosingizia chaja

Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza ya risasi na asidi huko Ufaransa mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika hadi leo. Sahani moja ya risasi, nyingine ya oksidi ya risasi, asidi ya salfa katikati, na kila seli inatoa zaidi kidogo ya volti 2. Betri ya gari ina seli sita. Ikijaa na ikapumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 kama robo, na ikifika 11.8 hamna kitu cha maana kilichobaki. Tofauti kati ya kujaa na kuisha haifiki hata volti moja, kwa hiyo mita ya kidijitali yenye kuonyesha nukta ndiyo chombo cha kwanza cha kazi hii.

Betri inapotumika, sahani zake hufunikwa na salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo inarudi kuwa risasi na asidi. Ukiiacha miezi ikiwa imeisha, inakomaa na kuwa fuwele ngumu zisizorudi kwa urahisi. Betri ya namna hii ndiyo inayosingizia chaja kuliko zote. Unaibana, dakika kumi tu volti zimeruka hadi 14, chaja inawasha taa ya kijani kwamba imejaa. Unakwenda kuwasha gari, stata inasema "tik" na kunyamaza. Lawama zote zinaiangukia chaja, wakati yenyewe imesema kweli kwa kadiri ya ilichoona: betri imekataa kupokea zaidi. Kilichopungua ni ukubwa wa betri yenyewe, kama ndoo iliyojaa mchanga ambayo vikombe viwili vya maji vinatosha kuifurisha.

Kinyume chake ni betri yenye seli moja iliyokufa. Chaja inasukuma usiku kucha na haifiki mwisho. Ukiipumzisha betri na kuipima, inasoma karibu volti 10.5, yaani seli tano badala ya sita. Mara nyingi ubavu mmoja wa betri unakuwa wa moto, na unaweza kusikia harufu ya yai viza. Ukiipata harufu hiyo, zima ukutani kwanza, fungua milango na madirisha, na usiiguse betri mpaka ipoe. Gesi hiyo ni sumu, na betri hiyo haina matengenezo.

Kuna malalamiko mengine ambayo ni hesabu tu. Betri ya ampea-saa 60 iliyobaki nusu inadai ampea-saa 30. Kwa chaja ya ampea 4 hizo ni saa saba na nusu, na ukiongeza ile hatua ya mwisho ambayo huenda taratibu, jipange kwa saa kumi. Kwa kichaja kidogo cha ampea moja, kazi hiyo hiyo inapita siku nzima. Chaja ndogo haijapungua nguvu. Imepewa mzigo usio wake.

Ninachofanya mimi kabla ya kuamini taa yoyote ni hiki. Napima betri kwenye nguzo zake za risasi, yaani vile vichwa viwili vinavyobanwa klipu, naandika namba. Nabana chaja, nawasha, napima tena mahali palepale. Kama ilikuwa 12.1 na ndani ya dakika moja imefika 12.7 au 12.9 na bado inapanda, chaja inasukuma, chochote kinachosemwa na taa zake. Kama namba haijatikisika hata kidogo, umeme haufiki kwenye betri, na hapo ndipo tunaanza kuufuatilia waya.

Klipu na waya

Shika klipu, ifungue kinywa, utazame meno yake. Katika chaja nyingi waya umefungwa kwenye taya moja tu. Taya la pili linabana, lakini halipitishi umeme, isipokuwa pawe na kipande kidogo cha shaba kinachovuka bawaba kuyaunganisha mataya mawili. Kama lile taya lenye waya limeangukia upande wenye kutu au limekaa juu ya plastiki ya kifuniko, klipu itaonekana imebana vizuri ilhali haijaunganisha chochote. Izungushe nusu duara kisha ujaribu tena. Ni jambo la sekunde tatu, na limewahi kuniokolea mchana mzima.

Kisha angalia rangi. Unga mweupe kwenye meno unatoka kwenye risasi na asidi. Ukiona rangi ya kijani au buluu, hiyo ni shaba inayoliwa. Sogeza nyuma ile mpira inayofunika shina la klipu uone waya unapoingia, maana ugonjwa mwingi hujificha hapo. Niliwahi kuletewa chaja ya transfoma iliyosemwa imekufa: inanguruma, mshale umelala kwenye sufuri. Niliposogeza mpira wa klipu nyeusi, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani na zilizobaki zikishikilia zilikuwa tatu. Nilikata waya kiasi cha shibiri moja hadi nikaipata shaba inayong'aa, nikaisafisha klipu, nikafunga upya. Mshale ukapanda hadi ampea 6.

Wakati mwingine nyuzi zimekatika ndani na ganda la nje liko salama. Uvute waya taratibu kwa vidole viwili, kipande kwa kipande. Mahali unaponyumbuka kama raba, ndani pamekatika. Kuna na kipimo cha kujua kama klipu imeshika vizuri: chaja ikiwa inafanya kazi, pima volti kwenye nguzo za betri, kisha pima kwenye chuma cha klipu zenyewe. Namba mbili hizo zinapaswa kukaribiana sana. Zikipishana nusu volti au zaidi, umeme unapotelea hapo katikati na kugeuka joto. Zima, gusa, utahisi uvuguvugu.

Kusafisha ni rahisi. Koroga bekingi soda kwenye maji, sugua klipu kwa mswaki wa zamani mpaka povu liishe, suuza, kausha kabisa. Ukifanya hivyo kwenye nguzo za betri, angalia maji hayo yasiingie kwenye vifuniko vya seli, kwa sababu yataua asidi iliyomo. Waya ukilazimika kubadilishwa wote, weka wenye unene uleule au zaidi, kamwe usiwe mwembamba.

Sauti, joto na fyuzi

Chaja ya transfoma inasema nawe kwa sauti. Ikinguruma na mshale ukalala, umeme wa ukutani unaingia lakini hautoki, kwa hiyo tafuta kwenye klipu, fyuzi ya upande wa kutokea, au daiodi. Ikiwa kimya kabisa, anza na soketi: chomeka kitu kingine unachojua kinafanya kazi. Halafu fyuzi ya plagi, kama plagi yako ina fyuzi, kisha waya wa ukutani, hasa mahali unapoingilia kwenye mwili wa chaja.

Mshale ukikimbilia juu kabisa, ukasikia "tak", ukaanguka, na baada ya dakika moja au mbili "tak" tena ukarudi juu, hiyo ni swichi ya joto inayoikinga chaja. Kama betri ilikuwa imeisha kabisa, mara nyingi hali hutulia yenyewe baada ya muda. Isipotulia, betri ina shoti ndani, au swichi ya kuchagua volti imewekwa 12 kwenye betri ya volti 6.

Daiodi ikikatika, chaja ya zamani hubaki na nusu ya nguvu au hufa. Ikifanya shoti, fyuzi inakatika kila unapowasha, au betri inaisha kupitia chaja iliyozimwa. Mita iliyowekwa kwenye kipimo cha daiodi, chaja ikiwa imechomolewa na klipu ziko wazi, itasoma kati ya 0.4 na 0.7 upande mmoja na kukataa upande wa pili. Fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu anaweza kubadilisha.

Chaja ya kisasa usiifungue kama hukusomea kazi hiyo. Kwenye umeme wa volti 230, kapasita kubwa iliyo ndani, yaani kifaa kinachohifadhi umeme, hubeba takriban volti 325, na inaweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Mwisho wako ni fyuzi na nyaya za nje. Na fyuzi ikikatika weka yenye kiwango kilekile kilichoandikwa. Wanaofunga uzi wa waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi wanaondoa kitu pekee kilichokuwa kinazuia moto.

Chaja inaharibikia wapi? Stoo

Ukifuatilia hizo hitilafu nyuma hadi chanzo, nyingi hazikutokea siku ya kuchaji. Zilianza miezi kabla, chaja ikiwa imewekwa.

Unyevu unaongoza. Sakafu ya saruji hupitisha unyevu, kwa hiyo chaja ikae kwenye rafu, si chini. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki ikiwa bado ina joto la kazi, maana mvuke utabaki humo ndani na kutulia kwenye bodi ya umeme. Iache ipoe, ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha iweke kwenye boksi au mfuko wa nguo. Kitambaa hakizuii hewa lakini kinazuia vumbi na wadudu wanaopenda kujenga kwenye matundu ya kupitishia hewa. Panya nao hupenda ganda la waya, na boksi lenye kifuniko ndilo jibu lao.

Isikae jirani na betri wala dumu la asidi. Betri inapochajiwa hutoa mvuke mwembamba wenye asidi, na huo ndio ulioigeuza unga ile shaba niliyoisimulia. Kwa sababu hiyohiyo, chaja isiwekwe juu ya betri hata wakati wa kazi, ijapokuwa pale juu panaonekana kama meza iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Waya usiuzungushe kwa kuubana kwenye mwili wa chaja. Kila mzunguko unakunja shaba mahali palepale, pale unapotokea kwenye chaja, na nyuzi zinakatika moja moja kila msimu. Ukunje kwa duara pana, legelege, ufunge kwa kamba. Klipu zisifungiane. Ziumishe kila moja kipande chake cha kadibodi kikavu, zitakaa mbali na zitakaa safi. Plagi ibaki nje ya soketi, kwa sababu radi haichagui kifaa kilichowashwa na kilichozimwa. Na klipu zisiachwe kwenye betri wakati chaja haina umeme. Baadhi ya chaja hunyonya betri kidogo kidogo zikiwa zimezimwa, na kwa wiki kadhaa hicho kidogo kinatosha.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalisikii kamwe. Ndani ya chaja mna kapasita zenye utando mwembamba wa oksidi, na utando huo hudumishwa na umeme wenyewe. Zikikaa miaka bila umeme, utando unadhoofika, kapasita zinaanza kuvuja, na siku ya kuwashwa zinaweza kuvimba au kupasuka. Kwa hiyo itoe chaja stoo mara mbili kwa mwaka, ibane kwenye betri, iache ifanye kazi saa moja au mbili. Mimi hubandika kipande cha karatasi juu ya boksi na kuandika tarehe.

Siku ya kuitoa baada ya muda mrefu, kama ilikuwa mahali penye baridi na unaileta penye joto, iache saa chache kwanza, umande ulioshika ndani ukauke. Inuse. Harufu ya kuungua au ya samaki ni sababu tosha ya kutoichomeka. Pitisha vidole kwenye waya wote. Kisha fuata mpangilio, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche. Nyekundu kwenye chanya. Nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini au cha chesi, mbali na betri na mbali na mirija ya mafuta, kama betri iko ndani ya gari ambalo hasi ya betri imeungwa kwenye mwili wake wa chuma. Ukutani mwisho. Wakati wa kutoa ni kinyume: ukutani kwanza, kisha nyeusi, kisha nyekundu.

Halafu chukua mita, gusa nguzo za risasi zenyewe, usome namba ya kwanza na uiandike kwenye karatasi ile ya boksi. Subiri dakika moja, usome ya pili.